Je, kiwanda chetu cha alizeti kiingie soko la hisa?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Sisi ni ndugu watatu, na tunaendesha kiwanda cha kukamua alizeti hapa Singida alichotuachia marehemu baba. Mwaka jana tuliuza mafuta na mashudu ya shilingi bilioni 3.2 na tukabaki na faida ya milioni 210 baada ya kodi. Tunataka kufunga mtambo wa kusafishia mafuta, ambao pamoja na jengo lake utagharimu kama bilioni 1.5. Benki inatutaka riba ya asilimia 16 na hati ya nyumba ya mama. Kwenye semina moja Dodoma tuliambiwa kwamba Soko la Hisa la Dar es Salaam lina dirisha la kampuni ndogo na za kati, na kwamba huko hakuna riba wala dhamana. Je, ni kweli? Tukiingia tutapoteza nini? Kaka yetu mkubwa anahofia kwamba washindani watatununua tukiwa tumelala. Na mwisho, je, jina la baba litabaki kwenye madebe yetu?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nimefurahi kwamba umeniandikia kabla ya kumlipa mtu yeyote ada ya ushauri. Dirisha uliloambiwa lipo kweli, na ni kweli pia kwamba mwenye hisa hadai riba wala hachukui hati ya nyumba. Hata hivyo ushauri wangu ni kwamba msiende huko kwa sasa, na sababu yangu siyo ile ambayo pengine unaitarajia. Wengi hudhani kwamba ugumu uko mlangoni, yaani katika masharti ya kuingia. Masharti hayo yamelegezwa kiasi cha kutosha. Ugumu hasa ni kumjua mtu atakayenunua hisa zenu siku ya kwanza, na kumjua mwingine atakayezinunua kutoka kwake siku atakapozichoka.

Naanza na dirisha lenyewe. Soko la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 na kampuni moja tu, TOL, ile ya gesi za viwandani, chini ya sheria ya mwaka 1994 iliyounda pia msimamizi wake, ambaye leo tunamwita Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kwa miaka kumi na mitano ya mwanzo kulikuwa na mlango mmoja, nao ulikuwa wa wakubwa: ulidai historia ya hesabu na ya faida ambayo kiwanda cha ukoo kama chenu kisingeweza kuionyesha. Mwaka 2013 ndipo lilipofunguliwa Soko la Kukuza Ujasiriamali, ambalo madalali wote huliita kwa herufi zake, EGM, na mwaka huohuo Nairobi nao wakafungua la kwao, GEMS. Kampuni inayoingia EGM hailazimiki kuonyesha kwamba imewahi kupata faida. Kinachowekwa mahali pa historia hiyo ni mtu, anayeitwa mshauri mteule, ambaye ni kampuni yenye leseni inayoichunguza kampuni yenu, inawaandaa, inaliambia soko kwamba mnafaa, kisha inabaki kando yenu baada ya kuorodheshwa ili kuhakikisha mnatoa taarifa kwa wakati. Wazo hilo lilitoka London, kwenye soko la AIM lililofunguliwa tarehe 19 Juni 1995 likiwa na kampuni 10, likafikia karibu kampuni 1,700 mwaka 2007, na ambalo leo halina hata nusu ya idadi hiyo. Ninaitaja hesabu hiyo ya London kwa makusudi, kwa sababu kwenye semina hutajwa kupanda kwake tu.

Sasa tazama ni akina nani waliopita kwenye mlango wetu. Wa kwanza alikuwa Maendeleo Bank mwaka 2013, benki iliyozaliwa ndani ya Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Mwaka uliofuata ikaja Swala, kampuni ya utafutaji wa mafuta na gesi, na baada yake Mkombozi, benki yenye mizizi katika Kanisa Katoliki. Mwaka 2015 ikaja Benki ya Mwalimu, ambayo nyuma yake kulikuwa na Chama cha Walimu, na mwaka 2016 wakaingia Mucoba, benki ya wananchi wa Mufindi, na Yetu Microfinance. Ukiisoma orodha hiyo polepole utaona mambo mawili ambayo mzungumzaji wa semina huenda hakuwaambia.

La kwanza ni kwamba karibu wote ni benki, na hilo halikutokea kwa bahati. Benki Kuu huitaka kila benki iwe na mtaji wa kiwango fulani, na sehemu kubwa ya mtaji huo lazima iwe fedha za wenye mali wenyewe. Benki haiwezi kukopa ili itimize sharti hilo, kama vile mtu asivyoweza kukopa mahari kwa baba mkwe. Kwa benki changa, kuuza hisa kwa umma ni njia ya kupata leseni au kuilinda, na kwa hiyo iko tayari kuvumilia gharama na usumbufu ambao mwenye kiwanda angeukimbia. Benki ya Mwalimu iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2015, kabla haijafungua milango. Ninyi hamdaiwi na mtu yeyote kwamba mtambo wenu ununuliwe kwa hisa. Mna njia nyingine, na mwenye njia nyingine lazima apige hesabu tofauti.

La pili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha swali lako. Wengi wa walioingia hawakuwakuta wanahisa sokoni, walikuja nao. Maendeleo walikuja na waumini wao waliokuwa wakitangaziwa kanisani, Mwalimu wakaja na walimu waliojaa katika kila kata ya nchi, Mucoba wakaja na watu wa Mafinga waliokuwa wakiweka akiba zao hapo tangu zamani. Soko liliwapa utaratibu, daftari la wanahisa na mahali pa kubadilishana hisa, lakini watu wenyewe walikwisha kuwapo, wakiwa na sababu ya kununua ambayo haikuwa faida peke yake. Kwa hiyo kila anayeniuliza kuhusu EGM huwa namuuliza swali moja kabla ya mengine yote: watu wako elfu moja ni akina nani? Nawe nakuuliza vivyo hivyo. Ukiwaandikia leo watu wanaokujua na kukuamini, wangapi watatoa shilingi laki tano bila ahadi ya kurudishiwa? Jibu la swali hilo ndilo ukubwa halisi wa toleo lenu la hisa, hata kama waraka wa matarajio, yaani kitabu cha kuutangazia umma hisa zenu, utachapishwa kwa rangi nne.

Tuje kwenye fedha. Umeandika kwamba huko hakuna riba, na neno hilo limewapoteza wengi. Mwenye hisa hadai riba kwa maandishi, lakini naye ana mahali pengine pa kuipeleka fedha yake. Mwaka 2021 serikali ilitoa hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, isiyokatwa kodi, na mdaiwa wake ni Hazina. Iko pia mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, ambako mtu huweka fedha na kuitoa anapoihitaji. Mtu aliyezoea haya hawezi kununua kipande cha kiwanda cha Singida, chenye mazao yanayotegemea mvua na bei inayoyumba kila mafuta ya mawese ya nje yanaposhuka, isipokuwa kama anaona kwamba kitampa zaidi ya hapo. Hataidai zaidi hiyo kwa barua. Ataidai kwa kuwapa bei ndogo siku ya kununua.

Na hapo ndipo hesabu inapouma. Tuseme wanunuzi wako tayari kuithamini kampuni yenu kwa mara sita ya faida ya mwaka, jambo ambalo kwa kampuni ndogo isiyojulikana si dharau. Milioni 210 mara sita ni bilioni 1.26. Mnataka kuongeza bilioni 1.5 za watu wengine. Baada ya toleo, kampuni itakuwa na thamani ya bilioni 2.76, na wageni watakuwa wanamiliki asilimia 54 yake. Ninyi watatu mtagawana asilimia 46 iliyobaki, yaani kila mmoja takriban 15. Hata mkibahatika kuthaminiwa kwa mara kumi ya faida, bado wageni watachukua karibu asilimia 42. Mtambo utakaolipa gharama zake kwa miaka kadhaa mtakuwa mmeulipia kwa nusu ya kiwanda cha baba, na nusu hiyo hairudi, tofauti na mkopo ambao una siku ya kuisha.

Sisemi kwamba mkopo wa asilimia 16 ni mwepesi. Bilioni 1.5 kwa kiwango hicho ni milioni 240 za riba katika mwaka wa kwanza, kiasi kinachozidi faida yenu yote ya mwaka jana, na nadhani hicho ndicho kilichowafanya mkimbilie semina. Lakini kumbuka kwamba riba hutolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, serikali kwa namna fulani inabeba milioni 72 za riba hiyo mradi mna faida ya kutosha, na mzigo wenu halisi unakuwa milioni 168. Gawio, yaani faida wanayogawiwa wanahisa, halina msaada huo, kwani hulipwa kutoka kwenye kile kilichobaki baada ya kodi. Ni kweli pia kwamba kampuni mpya sokoni iliyouza angalau asilimia 30 ya hisa zake kwa umma hupewa kodi ya asilimia 25 badala ya 30 kwa miaka mitatu, na kwamba wanahisa wa kampuni iliyoorodheshwa hukatwa asilimia 5 tu ya gawio badala ya 10. Kwa faida ya ukubwa wenu, punguzo hilo la kwanza lingewaachia kama milioni 15 kwa mwaka.

Milioni 15 hizo zitamezwa na gharama za kuingia na kukaa sokoni. Mshauri mteule analipwa, mwanasheria analipwa, mhasibu anayeandika taarifa ya uchunguzi analipwa, dalali anayeuza hisa analipwa, mchapaji na redio wanalipwa, na Mamlaka na Soko nao wana ada zao. Ubaya wa gharama hizi ni kwamba sehemu kubwa yake haijali ukubwa wa toleo. Tuseme, kwa mfano tu, zimefika milioni 150. Kwa kampuni inayotafuta bilioni 15 hiyo ni asilimia 1, na hakuna atakayeiona. Kwenu ninyi ni asilimia 10, yaani katika kila pampu kumi mlizotarajia kununua, moja imekwisha kabla ya meli kutia nanga. Mwaka unaofuata gharama hazikomi, kwa sababu mshauri hubaki, mkaguzi hubaki, na mkutano mkuu wa mwaka wenye wanahisa mia nane unahitaji ukumbi.

Kuna jambo jingine ambalo wenye viwanda hulichanganya, nanyi mko kwenye hatari ya kulichanganya. Fedha za hisa ni za kudumu. Zinafaa kwa kitu cha kudumu kama mtambo. Lakini nakufahamu vya kutosha kutokana na takwimu zako kuweza kukisia kwamba maumivu yenu makubwa si mtambo. Maumivu yenu ni msimu. Alizeti huvunwa kuanzia kama Mei, na kwa miezi michache ile bei ya gunia iko chini na kila mwenye mashine anakimbizana na wanunuzi wengine vijijini akiwa na fedha taslimu. Asiyejaza ghala wakati huo atasimamisha mashine ifikapo Desemba. Mtambo wa kusafishia mafuta hautalitibu tatizo hilo. Utalizidisha, kwa sababu utakuwa na tumbo kubwa zaidi la kujaza. Kama mtauza nusu ya kampuni ili mpate mtambo, kisha mkose fedha za kununua mbegu, mtakuwa na wanahisa mia nane wanaosubiri gawio na mashine iliyolala miezi mitano.

Sasa niseme kuhusu siku inayofuata baada ya kuorodheshwa, maana huko ndiko nilikotumia miaka yangu, nikiwa kwenye ofisi ya dalali. Mfikirie mwalimu mmoja wa Manyoni aliyewaamini akanunua hisa 4,000 kwa shilingi 500, jumla milioni 2. Januari inafika, anatakiwa kulipa ada ya mtoto wa kidato cha tano, anampigia dalali amwuzie. Dalali anafungua kioo cha kompyuta. Upande wa wanunuzi kuna amri moja tu: mtu anataka hisa 200 kwa shilingi 380. Upande wa wauzaji kuna hisa 12,000 zinazosubiri kwa 480, na nyingine 35,000 kwa 490, zimekaa hapo tangu Oktoba. Mwalimu ana chaguo mbili, ama apange foleni nyuma ya hizo zote, au auze 200 kwa 380 apate shilingi 76,000 kabla ya kamisheni, na 3,800 zilizobaki arudi nazo nyumbani. Takwimu hizi nimezitunga ili uione hali ilivyo, lakini hali yenyewe sikuitunga. Kampuni za EGM zimewahi kupita siku kwa siku bila hisa zao hata moja kubadili mkono. Na huyo mwalimu hatamlaumu dalali, wala hatalilaumu Soko. Ataulaumu ukoo wenu, kwa majina, katika mji ambao mnaishi na mnanunua mbegu.

Wakenya wameyaona hayo kwa sura nyingine. Kampuni yao ya kwanza kwenye GEMS, Home Afrika ya ujenzi wa nyumba, iliingia Julai 2013 kwa bei ya shilingi 12 za Kenya bila kuuza hisa mpya. Iliorodhesha tu zilizokuwapo. Bei ilipaa siku za mwanzo, na baada ya miaka michache ilikuwa chini ya shilingi moja. Flame Tree mwaka 2014 na Homeboyz mwaka 2020 nazo ziliingia kwa njia hiyohiyo ya kuorodhesha bila kuchangisha. Ukiambiwa kwamba kampuni fulani ndogo ya Nairobi imeorodheshwa, uliza kwanza kama iliondoka na fedha au iliondoka na picha ya kupiga kengele.

Kuna nchi zilizojaribu kulitibu tatizo la wanunuzi kwa kulazimisha. India, ambayo ilifungua madirisha yake ya kampuni ndogo mwaka 2012, humtaka kila anayeingia awe na mtengeneza soko, yaani dalali anayelazimika kuweka bei ya kununua na ya kuuza kwa miaka mitatu ili mwenye hisa asikose mnunuzi. Ni sharti zuri, nami ningependa tungekuwa nalo. Ila hata huko mambo yaligeuka upande wa pili: mwaka 2024 kampuni moja ya Delhi yenye maduka mawili ya pikipiki na wafanyakazi wanane iliomba rupia milioni 120 hivi, ikaletewa maombi ya takriban bilioni 48, mara 400 ya ilichotaka, na msimamizi wa masoko wa nchi hiyo akalazimika kuwaonya watu wapunguze pupa. Sisi hatuna shida hiyo, na sitegemei kuiona Singida karibuni.

Nirudi kwenu, kwenye jambo ambalo hukuliuliza lakini ndilo litakaloamua kila kitu, hata mkibaki na benki. Nalo ni vitabu. Mshauri mteule atakapokuja hatatazama mashine kwanza. Ataomba hesabu zilizokaguliwa, kisha ataanza kulinganisha. Alizeti mnanunua kwa fedha taslimu kutoka kwa wakulima wasiotoa risiti, mnapima kwa mizani yenu wenyewe, mashudu mnawauzia wafugaji na wenye malori wanaolipa kwa simu, na kaka mmoja hutoa hela ya mafuta ya gari mfukoni mwake kisha hujirudishia Ijumaa. Nimeona viwanda vingi vya namna hii, na karibu vyote vina daftari mbili, moja ya TRA na moja ya nyumbani. Sikushutumu, maana sijaona vitabu vyenu. Lakini kampuni yenye daftari mbili haina bei, kwa sababu mnunuzi hajui ni faida ipi anayoizidisha mara sita. Ile ya TRA ni ndogo mno kumvutia, na ile ya nyumbani akiiweka kwenye waraka wa matarajio, ofisa wa kodi naye anajua kusoma.

Kisha ataomba hati. Miaka kadhaa iliyopita niliisindikiza kampuni moja ya usindikaji, ambayo sitaitaja, ikiwa na faida nzuri na mwanamama shupavu aliyekuwa mkurugenzi. Tulifanya kazi kwa miezi saba. Siku mwanasheria alipokwenda kuangalia kiwanja ambacho kiwanda kilisimama juu yake, alikuta kimeandikishwa kwa jina la baba mzazi wa mume wake, aliyefariki zamani, na mirathi ilikuwa haijafunguliwa. Walikuwapo warithi kumi na mmoja, wawili wakiwa nje ya nchi. Kosa lilikuwa langu pia, kwa kuwa hilo lilikuwa jambo la kuuliza wiki ya kwanza. Mpango ulifia hapo, ada za mshauri zikiwa zimekwisha kulipwa, na nasikia mirathi yenyewe ilichukua miaka mingine minne. Wewe umeandika kwamba kiwanda mliachiwa na marehemu baba. Nenda kaangalie hati hiyo kesho asubuhi. Kama jina lililopo si la kampuni, hiyo ndiyo kazi yenu ya mwaka huu, hata kabla ya mtambo.

Hofu ya kaka yako mkubwa, kwamba washindani watawanunua mkiwa mmelala, ina msingi nusu. Mwenye zaidi ya nusu ya kura ndiye anayeweka na kuondoa wakurugenzi, na maamuzi mazito kama kubadili katiba ya kampuni huhitaji robo tatu ya kura, kwa hiyo mtu mwenye zaidi ya robo anaweza kuyazuia. Mkishika asilimia 60 kwa pamoja hakuna mshindani atakayewatoa, hata akinunua kila hisa inayouzwa. Lakini neno zito hapo ni “kwa pamoja”. Adui wa kampuni za ukoo mara nyingi huja kupitia ndugu aliyegombana na wenzake na kuuza fungu lake. Leo, kwa kuwa ninyi ni kampuni binafsi, katiba yenu bila shaka inamzuia ndugu kuuza bila idhini ya wengine. Mkiorodheshwa kinga hiyo inaondoka, kwa kuwa hisa ya sokoni lazima iweze kuuzwa kwa yeyote. Na kuna kitu ambacho mshindani atakipata bila kununua chochote: hesabu zenu zitachapishwa, na mwenye mashine ya jirani atajua mnabakiwa na shilingi ngapi kwa kila lita.

Basi mfanye nini kuhusu bilioni 1.5? Kwanza, msiichukue yote kwa mara moja. Muulize fundi aliyewapa makadirio kama jengo na matangi vinaweza kutangulia, kisha mitambo ya kuondoa rangi na harufu ikafuata baada ya msimu mmoja. Pili, msikubali kwamba asilimia 16 na nyumba ya mama ndiyo njia pekee ya benki. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni 1 za kuzikopesha benki kwa riba nafuu, kwa sharti kwamba nazo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, na Benki ya Maendeleo ya Kilimo ina mfuko wa dhamana kwa ajili ya wakulima wadogo na biashara zinazowahudumia, ambao hubeba sehemu ya hatari ili benki ya biashara isiwabane kwa nyumba. Usindikaji wa alizeti ni kilimo. Meneja wa tawi akikuambia kwamba hajui mpango wowote wa namna hiyo, andika barua makao makuu. Kwa fedha za msimu, ulizia mkopo unaolindwa na stakabadhi za ghala, ambao mbegu zenyewe ndizo rehani na unaisha pale mafuta yanapouzwa.

Tatu, kama baada ya hayo bado pana pengo, tafuteni mbia mmoja au wawili wanaoijua biashara hii, mfano msambazaji wa mafuta wa Mwanza au Arusha anayetaka uhakika wa mzigo, mmuuzie asilimia 20 kwa mkataba. Sheria ya Makampuni inairuhusu kampuni binafsi kuwa na wanachama hadi 50, na hilo linawatosha kabisa. Ila nawaonya kwa sauti: msichapishe vitabu vya risiti mkaanza kuuza “hisa” kwa wakulima wenu siku ya mnada. Kuualika umma kununua hisa bila idhini ya Mamlaka ni kosa, hata kama nia ni njema na mwenyekiti wa kijiji amebariki.

Wakulima hao hata hivyo ndio ninaowawazia ninapojiuliza watu wenu elfu moja wangekuwa akina nani. Kila mwaka wanawaletea magunia, wanawajua kwa majina, na wana sababu ya kutaka kiwanda kisimame ambayo mtu wa Kariakoo hana. Mkianza mwaka huu kuandika kila gunia kwa jina la aliyelileta, kumpa risiti, na kumlipa kwa simu au benki, baada ya misimu mitatu au minne mtakuwa na hesabu safi zilizokaguliwa pamoja na orodha ya watu wanaowaamini, ambavyo ndivyo vitu viwili walivyokuja navyo wale wa Mufindi na wale walimu. Faida nayo, mtambo ukiwa unafanya kazi, itakuwa imepanda. Kama itakuwa milioni 600, mkathaminiwa kwa mara sita ileile, mtakuwa na thamani ya bilioni 3.6 na mtaweza kuchangisha milioni 900 kwa kuachia asilimia 20. Hapo niandikie tena, na huenda nikakujibu tofauti.

Sitaki pia ufikiri kwamba kuorodheshwa kunamlinda mtu. Yetu Microfinance ilikuwa sokoni, na Desemba 2022 Benki Kuu iliichukua chini ya usimamizi wake kwa upungufu wa mtaji na wa ukwasi, yaani fedha za kuwalipa wanaodai. Wanahisa walisoma habari hizo sawa na sisi wengine.

Kuhusu jina la baba, litabaki. Siku mtakapokuwa kampuni ya umma, sheria itawataka tu muongeze PLC mwishoni mwa jina la kampuni kwenye barua, ankara na hati zenu. Chapa iliyoko kwenye debe ni mali nyingine, inayosajiliwa peke yake BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kama hamjaisajili hadi leo, lifanyeni hilo katika safari ileile ya kuangalia hati ya kiwanja.